Kumtafuta Mtu wa Pili kwa ajili ya Meza ya Mama

Tangu nirudi, karibu kila rafiki anayepita mbele ya ghala la kahawa la hapa Kitendaguro ninapofanyia kazi ameniuliza swali moja. Mama yangu alikuwa mgonjwa Kishanda, ambako ni kusini. Kwa nini basi nilionekana nikipanda lori la kwenda Kyaka, ambako ni kaskazini? Nimewajibu kwa kifupi mara nyingi, na kila jibu fupi limezaa maswali mengine. Nimeona ni heri niandike yote kwa mpangilio, kituo kwa kituo.

Kutoka Kitendaguro hadi Kyaka

Kwanza niseme Mama alitaka nini. Nilipokwenda kumtazama alikuwa amelala karibu na moto, amekonda, lakini akili yake ilikuwa timamu kabisa. Hakuomba dawa. Alisema amekula vya kutosha hapa duniani, isipokuwa chakula kimoja ambacho hajakionja tangu tuondoke Buganda. Alitaka kupokea Meza ya Bwana kwa maneno aliyofundishwa, kutoka mkononi mwa kasisi wa kanisa lake.

Wengi wenu ni Walutheri, na wachache ni Wakatoliki, kwa hiyo nawaeleza. Nilipokuwa mdogo baba yangu alituhamishia Buganda, upande wa Kyotera, akalima pamba. Huko ndiko tulikobatizwa katika kanisa la Kianglikana, na huko Mama aliwekewa mikono na askofu, ndiyo kipaimara chetu. Baba alipofariki tukarudi Kishanda, ambako kanisa hilo halikuwapo. Mama alikwenda kusali kwa Walutheri kila Jumapili na kuimba nyimbo zao zote. Ila siku za Meza alibaki ameketi. Mchungaji wao alimwambia ajifunze upya, apate kipaimara, kisha apokee. Mama alimjibu kwa heshima kwamba mikono ya askofu haikuwa imebanduka kichwani pake. Mambo yakaishia hapo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Basi nikaenda kumtafuta kasisi.

Lori lilikuwa la mfanyabiashara wa kahawa, likirudi tupu, nasi abiria tuliketi juu ya magunia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na kila kilima tulishuka tukasukuma. Sikuchukia. Njia ile niliipita mara ya mwisho kwa miguu, nikiwa kijana, nyuma ya Mama aliyebeba mtungi na kitabu cha sala kilichofungwa ndani ya kitambaa cha gome la mti. Kila tulipofika kwenye mto alikuwa akigusa kwanza kitabu, kisha mtungi, kuona kama vyote viko salama. Nilitazama vijito vilevile kutoka juu ya magunia na nikashangaa jinsi vilivyo vidogo.

Kyotera

Mambo ya mpakani nayaruka, hayana utamu.

Kanisa nililikuta palepale, lakini paa la nyasi limekuwa la bati. Niliingia nikakaa kwenye nafasi yetu ya zamani, upande wa kushoto karibu na mlango, mahali ambapo jua la jioni lilikuwa likitupiga usoni wakati wa sala ya jioni. Wakati ule sakafu ilikuwa na nyasi za kutandika, na harufu yake, ikichanganyika na ya kanzu zilizofuliwa, ndiyo iliyokuwa kwangu harufu ya Jumapili. Mama alisimama hapo akiitikia kwa Kiganda chenye lafudhi ya Kihaya, kwa sauti kubwa kuliko wenyeji. Watoto wa Kiganda walikuwa wakitucheka. Yeye hakupunguza sauti.

Kasisi Erisa alikuwa mzee mwembamba, mkimya, mwenye viatu vilivyoshonwa mara nyingi. Alinipa matoke na karanga za kusaga, akaningoja nimalize, ndipo akauliza shida yangu. Nilieleza. Aliuliza umbali, akauliza hali ya barabara, akasema atakuja. Nilikuwa nimeshaanza kushukuru alipouliza tena, akiniita bwana kwa Kiganda.

"Na watakaopokea pamoja naye ni wangapi, sebo?"

Nikamwambia niko mimi. Mke wangu ni Mlutheri, na watoto wamemfuata mama yao.

"Wawe wawili, mbali na mgonjwa, mbali nami," alisema. "Wewe ni mmoja."

Mnanijua. Vitabu nimejifunza mwenyewe, bila mwalimu, na kitabu cha sala nimekisoma hadi maelekezo yale madogo ambayo watu huyaruka. Nikamkumbusha kwamba wakati wa tauni, kama hakuna mtu anayethubutu kuingia nyumbani, kasisi anaweza kupokea na mgonjwa peke yao.

"Kishanda kuna tauni?"

"Hakuna."

"Basi," alisema, akaanza kukunja kitambaa cheupe cha meza.

Nilimkumbusha tena kwamba pameandikwa pia kuwa mgonjwa akizuiliwa na sababu ya haki, ikiwemo kukosa wenzake, lakini akatubu na kuamini kwa moyo, huyo amekula kweli hata kama mdomo haukugusa kitu. Kasisi alikubali. Alisema tukishindwa atamwambia Mama maneno hayo, na yatakuwa kweli. Lakini hatayatumia kukwepa kazi ya kutafuta. Kwanza tumtafute mtu wa pili.

Nilimfahamu mmoja tu katika nchi nzima ya Muleba, iliko Kishanda: mzee Zakaria wa Kamachumu, aliyewekewa mikono siku moja na Mama. Sikumwambia kasisi kwamba Zakaria na Mama walikuwa hawasemezani. Niliona hilo ni jambo la Kamachumu, tutalikuta Kamachumu.

Kungoja Kyaka

Tuliporudi mtoni tulikuta mto Kagera umefurika na kivuko kimefungwa kando ya pili. Waendesha kivuko walikuwa ng'ambo, tunawaona wakichoma samaki. Kila tulipowapungia mkono, nao walitupungia.

Watu walikuwa wengi, na kila mmoja alitazama kisanduku cha kasisi. Kilikuwa cha mbao, chenye kufuli ndogo. Alipokifungua kuona kama chupa ya divai imesalimika barabarani, waliona chupa, kikombe cha fedha na kitambaa cheupe. Mtu mmoja akaja akapandisha suruali na kuonyesha kidonda. Nyuma yake akaja mwanamke na mtoto mwenye kikohozi. Kabla sijaelewa, mstari umekwisha kupangwa, na mwenye kidonda akawa anawaambia wa nyuma yake wasisukume, daktari ni mmoja. Kasisi alieleza kwamba yeye si daktari. Hawakuamini. Mwisho alimwosha yule mtu kidonda kwa maji ya moto na chumvi, akamfunga kwa kipande cha leso yake, akamwambia aende kwenye zahanati. Mtu yule aliondoka ameridhika, akimwambia kila mtu kwamba sindano zimekwisha.

Jirani yetu hapo alikuwa Ma Paskazia, mwanamke wa makamo aliyekuwa akirudi kwake na vyungu. Alitupa ndizi za kuchoma na senene waliokaangwa, wakavu, wenye chumvi kidogo, ambao sijala wazuri kama hao. Alipojua sisi ni nani alifurahi kama mtu aliyepata mchezo.

"Kumbe ninyi ndio wale wa yule mfalme wa Waingereza aliyemwacha Papa apate mke mwingine," alisema.

Kasisi alimjibu kwamba mfalme alikwisha kufa zamani na wake zake wote, na kanisa bado lipo. Ma Paskazia alicheka hadi akashika chungu chake kisianguke. Kisha akauliza kwa dhati. Kwao, padri humletea mgonjwa Komunyo ikiwa tayari, hata kama mgonjwa yuko peke yake nyumbani. Kwa nini ya kwetu ihitaji watu?

Ndilo swali lililokuwa likinichoma tangu Kyotera, kwa hiyo nilisogea nisikie.

Kasisi alifikiri kwanza. Alisema hawezi kusema padri wao anakosea, kwani naye anafuata alivyofundishwa. Yeye alifundishwa kwamba mgonjwa ana hatari moja kubwa kuliko ugonjwa, nayo ni kuachwa peke yake na watu wenye haraka. Waliopanga utaratibu wetu walitaka kasisi asiweze kumaliza kazi bila jirani kuingia nyumbani, akapiga magoti, akala na mgonjwa.

"Na jirani asipotaka?" aliuliza Ma Paskazia.

"Hapo ndipo tulipo sasa, mama," alisema kasisi.

Jioni kivuko kilikuja. Waendeshaji walituambia walidhani tulikuwa tunawasalimu.

Kamachumu

Kutoka Bukoba tulipata gari hadi Kamachumu. Baridi ya kule juu ilimshangaza kasisi, akavaa koti juu ya kanzu.

Zakaria tulimkuta akigeuza kahawa kwenye jamvi mbele ya nyumba. Ni mtu mpana, mwenye sauti ya pole, na wakati ule alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wake wa Kilutheri, tena mzee wa kutegemewa. Mke wake, Ma Anna, alitutandikia mkeka na kutuletea kahawa ya kutafuna, punje zilizochemshwa na majani ya kunukia, kwenye kikapu kidogo, kama ilivyo desturi. Kasisi alichukua punje mbili na kunitupia jicho, maana nilikuwa nimesahau kuchukua.

"Chukua," alisema Zakaria. "Au kwenu mmeamua kuacha?"

Hapo kasisi akajua lililokuwapo. Zakaria aliporudi kutoka Buganda alioa katika ukoo wa Kilutheri, akajifunza upya, akapata kipaimara. Mama alisema mbele za watu kwamba Zakaria amewekewa mikono mara mbili kama mtu aliyesahau ya kwanza. Na siku alipokaribishwa hapa, mbele ya wakwe wa Zakaria, kikapu kilipomfikia alikisukuma kando. Kwenu wasomaji sina haja ya kueleza maana ya kukataa kahawa ya mwenye nyumba. Kwa kasisi nilieleza: ni kama kumwambia mtu kwamba humtambui.

Nilimweleza Zakaria haja yetu, bila kupamba. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kitu kimoja: je, huko kuwekewa mikono kwa kwanza bado kunahesabika, baada ya yote aliyofanya? Kasisi alimjibu kwamba hakuna aliye na uwezo wa kufuta jambo hilo, hata Zakaria mwenyewe.

Zakaria alitikisa kichwa. Alitueleza kwamba mwaka uliopita mtu wa usharika wao alipokea meza ya kanisa jingine harusini. Wazee walikaa wakaamua atengwe, asipokee kwao hadi atubu. Zakaria alikuwa mmoja wa walioamua.

"Nikienda nanyi," alisema, "najua adhabu yangu. Niliiandaa mwenyewe."

Ma Anna alikuwa mlangoni. "Mume wangu amekuwa na akili miaka yote," aliniambia mimi, si yeye. "Leo anataka kwenda kuzitupa Kishanda, kwa mwanamke aliyemtukana nyumbani kwake."

Hatukumsihi. Kasisi alisema njia yetu bado ni ndefu na kwamba tutaelewa akikataa. Zakaria alirudi kwenye jamvi, akageuza kahawa yote, upande hadi upande, polepole, na hata iliyokwisha kugeuzwa akaigeuza tena. Sisi tulikaa tukamtazama. Mwisho alisimama akasema, "Anna, kanzu yangu iko wapi?"

Ma Anna aliingia ndani akakaa kitambo. Alirudi na kanzu, imepigwa pasi, na kifurushi cha ndizi za njiani kwa watu watatu.

Kishanda

Tulitembea, kasisi akipanda baiskeli niliyoazima kila njia iliponyooka. Njiani Zakaria alianza kukumbuka Buganda, kwanza mambo ya pamba, kisha mambo ya kanisa. Alijaribu kuyasema maitikio ya Meza kwa Kiganda na akakwama katikati. Kasisi hakumsaidia. Tulivuka kijito, tukapanda, tukapita migomba ya watu, na ghafla Zakaria akaendelea kutoka palepale alipokwama hadi mwisho. Nilifumba macho kidogo. Sauti ile ya kiume ikitoka nyuma yangu ilinirudisha kwenye nyasi za sakafuni na jua la mlangoni, na mimi mtoto katikati ya watu wazima waliojua la kusema.

Mama alikuwa hai. Alikuwa amepungua sana, lakini alipoona kanzu ya kasisi alijaribu kuketi. Kisha akamwona Zakaria.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Sikupata nafasi.

"Zakaria, umekuja kama nani?" aliuliza.

"Nimekuja kama mtu wa pili," alisema. "Kasisi anataka wawili. Mwanao ni wa kwanza."

Mama alimjibu, "Hata siku ya askofu nilikuwa mbele yako mstarini."

"Ulinisukuma."

"Ulikuwa unachelewa." Alipumzika. Kuzungumza kulimchosha. "Ile kahawa yako niliyokataa. Ilichemshwa na majani gani?"

Zakaria alimtajia kwa Kihaya.

"Nilijua," alisema Mama. "Harufu yake ilinifuata hadi nyumbani. Nilikosa mimi, tata, baba yangu. Nilikukosea mbele ya wakwe zako."

Zakaria alisema kwamba naye aliona haya kumfuata na kumweleza, akaona ni rahisi kukasirika. Kasisi aliniambia baadaye kwamba mahubiri aliyokuwa ameyaandaa kuhusu kupatana aliyaacha sandukuni.

Meza ilikuwa kigoda kilichofunikwa kile kitambaa cheupe. Majirani walikuwa wamejaa uani, Walutheri na Wakatoliki, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kasisi wetu. Hawakuingia, nasi hatukuwakaribisha zaidi ya mlango, kila upande ukijua mipaka yake. Lakini walipotusikia tunapiga magoti, wanawake walinyamazisha watoto, na mtu akamfukuza mbwa.

Mama aliitikia yote. Sauti ile iliyokuwa ikiwachekesha watoto wa Kiganda ilikuwa imebaki kama mnong'ono, lakini lafudhi ilikuwa ileile, na Zakaria alipokosea neno alimsahihisha bila kufumbua macho. Alipokea mkate kwenye viganja vilivyowekwa msalaba, cha kulia juu ya cha kushoto, kama alivyofundishwa. Alikunywa kidogo kutoka kikombeni. Nikanywa mimi, akanywa Zakaria. Nilimwona akitazama mlangoni, ambako katika waliosimama walikuwapo watu wanaomfahamu. Kisha akageuza uso na kumaliza sala pamoja nasi.

Baadaye Mama aliomba uji. Alikunywa nusu kikombe, akamwambia kasisi kwamba viatu vyake vinahitaji fundi.

Kurudi

Kasisi alirudi kwao baada ya kupumzika. Mama aliishi siku chache zaidi, akafariki asubuhi, mimi nikiwa nimemshika. Aliyesoma mazishi alikuwa mchungaji wa Kilutheri, yule aliyemtaka ajifunze upya. Aliyasoma vizuri, bila kukatakata, na kaburini alisema kwamba katika waimbaji wake hakuna aliyezijua beti zote kama marehemu. Nilimshukuru, na nilimaanisha.

Nilipita Kamachumu nikirudi. Zakaria alikuwa ameshaitwa na wazee wenzake. Walimkalisha kwa upole, maana ni rafiki zake, wakamwomba aseme tu kwamba alikosea, kwa sababu ya huruma kwa mgonjwa, na jambo litakwisha. Aliwaambia angependa kusema hivyo, kwani anawapenda, lakini hakuona kosa, na kusema uongo mbele yao lingekuwa kosa la kweli. Basi akatolewa katika uzee wa kanisa, na akatengwa na Meza yao hadi atakapobadili neno. Ma Anna aliniletea kahawa akaiweka mbele yangu. Safari hii nilichukua mara moja.

Nilimwambia Zakaria kwamba nimemwingiza katika hasara na sijui jinsi ya kuifidia. Alikataa neno hasara. Alisema alipewa nafasi ya kumlisha mtu aliyemkasirikia kwa miaka mingi, na wengine hufa bila kuipata. Kisha alichezea punje za kahawa kiganjani, na alipozungumza tena alizungumza kama mtu anayepiga hesabu ya shamba.

"Kwetu sasa sina Meza. Kwenu ninayo, kasisi akija. Lakini mama yako amekwenda. Nikiugua mimi, wewe utakuwa wa kwanza." Alinitazama. "Wa pili atakuwa nani?"

Nilifikiria nchi yote, kutoka Kishanda hadi Kitendaguro, nyumba kwa nyumba, kwa majina. Mnajua mimi si mtu wa kujibu kabla ya kuhesabu. Nilihesabu hadi mwisho, nikamwambia kwamba kwa sasa hakuna.

Gari lilikuwa linapiga honi barabarani. Zakaria alinisindikiza hadi ukingoni mwa migomba yake na kunipa mkono.

"Basi mimi sitaugua," alisema, "mpaka umpate."